Kashata za Tairi na Tabia ya Gari Barabarani: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Hapa Dodoma

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa wateja wanaokaa kwenye benchi la banda letu la matairi wakisubiri jeki ishuke. Mengine huulizwa na dereva wa bodaboda kwa niaba ya shemeji yake.

Kwa asiyezoea lugha ya banda: kashata ni yale matofali ya mpira yanayozunguka tairi, yaliyokatwa kama kashata za karanga kwenye sinia. Njia zinazopita katikati yake tunaziita mifereji. Vile vikato vyembamba kama vya wembe juu ya kashata tutaviita chale, maana ndivyo vinavyoonekana.

Kashata ndizo zinazolifanya gari lishike barabara, si ndiyo?

Kwenye lami kavu, hapana. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe, na mpira ukigusa chini kwa wingi, mshiko unaongezeka. Ndiyo maana magari ya Formula 1 hukimbia kwenye lami kavu na matairi yasiyo na mfereji hata mmoja. Kuanzia 1998 hadi 2008 wenye mashindano waliyalazimisha yawe na mifereji, na shabaha yao ilikuwa kuyapunguzia kasi kwenye kona. Mwaka 2009 matairi yasiyo na mifereji yakarudi.

Kwa hiyo kila mfereji unaouona ni mpira ulioondolewa. Umeondolewa ili maji yapate pa kupita, na ili kwenye udongo na kokoto tairi liwe na kingo za kung'ata. Sehemu ya tairi inayogusa chini haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari zima, abiria wake na gunia la mchele wa Bahi kwenye buti, vyote vimekalia viganja vinne.

Umbo la kashata ndilo linaloamua gari linavyoitika usukani. Chukua kifutio cha mwanafunzi, kisimamishe mezani, kibonyeze huku ukikisukuma upande. Kitapinda kwanza, ndipo kiteleze. Kashata ndefu na nyembamba hufanya hivyohivyo: unakata usukani, kashata zinapinda, gari linachelewa kidogo kugeuka. Dereva anasema gari "limelegea". Kashata pana na fupi, hasa zile za begani (ukingoni mwa tairi) zisizokatwakatwa, hazipindi sana, na gari linafuata mkono papo hapo. Na ule utepe wa mpira usiokatika unaozunguka katikati ya matairi mengi ya barabarani ndio unaoliweka gari kwenye mstari unapokwenda mbali, usukani usikusumbue kwa marekebisho madogomadogo toka Kibaigwa hadi Gairo.

Kama ni hivyo basi nitembelee kipara, tairi lililoisha kashata. Dodoma mvua yenyewe iko wapi?

Swali hili huulizwa kwa utani, ila macho ya muulizaji yanaomba ruhusa. Hatutoi.

Kwanza, kipara chako si tairi la mashindano. Lile limetengenezwa kwa mpira laini unaonata ukipata moto, na linatupwa baada ya muda mfupi. Lako ni mpira mkongwe uliochomwa na jua, uliobaki mwembamba. Mwiba wa mgunga ambao tairi jipya lingeubeba tu kwenye kashata bila kutoboka, kipara kinaupokea hadi ndani.

Pili, ni kweli Dodoma ni nusu jangwa. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili. Shida ni namna inavyokuja. Hainyeshi kwa upole siku nzima kama ya Bukoba. Inamwagwa kwa saa moja, na korongo lililokuwa kavu asubuhi jioni linakatiza barabara. Lami nayo imekaa tangu Mei ikikusanya vumbi, oili ya malori na unga wa matairi. Mvua ya kwanza inavikoroga vyote hivyo kuwa mlenda, na kwa mtu wa Dodoma sina haja ya kueleza mlenda unatelezaje. Siku hiyo hata kashata mpya hazikusaidii sana. Punguza mwendo, mwachie mwenzako wa mbele nafasi ya kutosha, subiri mvua mbili tatu ziioshe barabara.

Gari "kuelea" juu ya maji maana yake nini?

Tuifanyie hesabu. Noah nyingi zinatumia tairi la 195/65R15. Mzunguko wake ni karibu mita 2, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Kila kashata inakaa chini kwa sehemu 5 tu kati ya 1,000 za sekunde, kisha inanyanyuka. Ikiwa maji yaliyotuama yana kina cha milimita 3 na tairi linagusa chini kwa upana wa sentimita 15, basi tairi moja linatakiwa kuhamisha zaidi ya lita 12 za maji kila sekunde. Ndoo ya lita 20 inajaa kabla ya sekunde mbili. Tairi moja hilo. Zidisha kwa ya mbele yote mawili.

Mifereji ya kuzunguka inayapokea maji hayo na kuyapitisha nyuma. Mifereji ya mshazari inayatupa nje kupitia begani. Yakizidi uwezo wa mifereji, yanajipenyeza kama kabari chini ya tairi na kulinyanyua. Utajua: usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekatika, na mlio wa barabara unapotea. Hapo usikanyage breki wala usizungushe usukani. Achia mafuta taratibu, shikilia usukani unyooke, ngoja tairi liguse chini tena.

Upepo nao unahusika kuliko watu wanavyodhani. Wahandisi wa NASA waliochunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walikuta kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea unategemea upepo ulio ndani yake. Ukipiga hesabu kwa kanuni yao, kwenye maji yaliyoishinda mifereji, tairi lenye upepo wa 32 (kwa kipimo cha PSI) linaelea kwenye kama kilomita 94 kwa saa, na lenye 20 linaelea kwenye kama 75. Ndiyo maana mtu anayelalamika gari "linaogopa maji" tunampima upepo kabla ya kumwonyesha tairi jipya. Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Ule ulioandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi linavumilia, usiujaze huo.

Nitajuaje kashata zimekwisha?

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji ya kina cha kama milimita 8. Chungulia ndani ya mfereji mkubwa utaona vijituta vidogo vya mpira vimelala kukatiza. Kuvipata, tafuta begani herufi TWI au alama ya pembetatu. Kashata zikifika usawa wa vijituta hivyo zimebaki milimita 1.6, na hicho ndicho kiwango cha mwisho kisheria huko Ulaya na Uingereza. Sisi tunamshauri mtu anayesafiri masika abadilishe kwenye milimita 3, kwa sababu mfereji hauachi kazi ghafla siku ya mwisho. Unapunguza kila mwezi.

Huna kipimo? Chukua njiti ya kiberiti, ilaze ndani ya mfereji. Unene wake unakaribia milimita 2. Mgongo wa njiti ukitokeza juu ya kashata, umeshachelewa. Fanya hivyo sehemu tatu: bega la ndani, katikati, bega la nje. Watu wengi wanatazama bega la nje tu kwa kuwa ndilo linaloonekana bila kuinama.

Ubavuni kuna mshale, na kwenye mengine kuna neno OUTSIDE. Vina maana gani?

Mshale wenye neno ROTATION unaonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi. Michoro yake huwa kama herufi V, na kazi yake ni kuyasukuma maji toka katikati kwenda nje. Likifungwa kinyume linafanya kazi kinyume: linakusanya maji katikati. Alikuja kaka mmoja aliyefungiwa matairi mahali pengine, analalamika gari linacheza kwenye mvua lakini kwenye jua halina neno. Upande wa kushoto mishale ilitazama mbele, upande wa kulia ilitazama nyuma. Tuliyang'oa mawili kwenye rimu, tukayageuza. Kazi ya muda mfupi tu, naye alikuwa ameshafanyiwa alaimenti (kunyoosha magurudumu) mara mbili kutafuta ugonjwa.

OUTSIDE ni tairi lenye pande mbili tofauti. Upande wa nje una kashata kubwa zilizoshikana, maana ukikata kona uzito unaegemea huko. Upande wa ndani una mifereji mingi kwa ajili ya maji. Neno hilo lionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Basi.

Gari langu limetoka Japani na tairi zote nne zina kashata nzuri. Mbona kwenye kona linayumba?

Mwalimu mmoja wa Nzuguni alituletea gari lililotoka bandarini wiki chache nyuma. "Fundi, tairi bado mpya kabisa, lakini nikikata kona kama gari linaogopa." Tukainama. Kashata zilikuwa ndefu kweli, ila kila moja imechanjwa chale kadhaa zilizojipinda kama njia ya nyoka. Nikaibonyeza moja kwa ukucha wa dole gumba, ukazama. Nikafuta vumbi ubavuni, neno likatokea: STUDLESS.

Hilo ni tairi la theluji. Linauzwa kwa watu wa Hokkaido na sehemu nyingine za baridi kali, ambako tairi la kawaida linakauka na kuwa gumu. Mpira wake umelainishwa ili ubaki laini kwenye barafu, na chale zile hufunguka ili kila ukingo ukwangue theluji. Lilete hapa mwezi wa Oktoba, lami inawaka, na kila sifa yake inageuka kuwa kasoro. Kashata iliyokatwa vipande vitano haisimami kama kipande kimoja. Kila kipande kinapinda peke yake. Gari linanesa kwenye kona, umbali wa kusimama unaongezeka, na kashata zenyewe zinaliwa upesi kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Alama za kulitambua: neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Majina ya Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx pia ni ya matairi ya baridi. Ni mazuri sana kwao. Herufi M+S peke yake zisikutishe, zipo kwenye matairi mengi ya kawaida ya magari marefu.

Je, uyatupe leo? Kama mfuko haujakaa sawa, tembea nayo mjini kwa mwendo wa kilomita 50 huku unajipanga. Lakini usiyapeleke Iringa. Ukishapita Mtera kuna kona za Nyang'oro mbele yako, na kule kona inafuata kona.

Nina shamba Bahi. Nifunge zile za kashata kubwa?

Inategemea unakwenda shambani mara ngapi. Matairi yamegawanyika hivi: H/T ni ya barabarani, kashata zimebanana, A/T ni ya kotekote, M/T ni ya matope, kashata kubwa zenye nafasi pana katikati.

Siri ya M/T ni hizo nafasi. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanata kama ugali usioiva. Ukiingia na H/T, mifereji inajaa ndani ya mizunguko michache, na kutoka hapo una kipara cha udongo. Nafasi pana za M/T zinautema tope kila gurudumu linapozunguka, na kashata inarudi chini ikiwa safi.

Mchanga wa makorongoni ni habari nyingine. Huko kashata kubwa zinachimba, na ukizidi kukanyaga mafuta zinakuchimbia kaburi. Mchanga unataka tairi lililotandaa: punguza upepo hadi kama 18 au 20, nenda polepole bila kukata kona kali, kisha ujaze mara tu ukirudi kwenye lami. Kokoto zilizolegea kwenye barabara ya vumbi, hasa ile iliyojikunja kama bati, ni kama kuendesha juu ya goroli. A/T ina kingo nyingi za kung'ata na inasaidia, ila mguu mwepesi unasaidia zaidi.

Gharama ya M/T utailipa kwenye lami: kelele, usukani mzito wa kuitika, mafuta zaidi, na kusimama kwa umbali mrefu barabara ikilowa, maana mpira unaogusa chini ni kidogo. Wengi wanaoiulizia kwetu wanaipenda kwa sura. Kama ratiba yako ni Kisasa kwenda Mtumba (mji wa Serikali, si soko la nguo) na kurudi, funga H/T. Kama unaingia shambani kila wiki hata masika, A/T inakutosha. M/T tunamfungia mtu ambaye tope ndilo linalompa riziki.

Nina hela ya tairi mbili tu. Nifunge mbele au nyuma?

Nyuma. Hapa ndipo tunapobishana na watu wazima kila wiki.

Mzee mmoja wa Kikuyu ya hapa Dodoma, mwenye gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya mbele, aliniambia: "Kijana, injini iko mbele, usukani uko mbele, breki kubwa ziko mbele. Kwa nini unipe vizee mbele?"

"Shikamoo mzee, hoja yako ni nzito," nikamwambia, "lakini tufikiri gari likiteleza." Tairi za mbele zikipoteza mshiko kwenye maji, gari linanyooka kwenda mbele badala ya kukata kona. Unaachia mafuta, uzito unahamia mbele, mshiko unarudi. Mtu yeyote anafanya hivyo hata bila kufundishwa. Tairi za nyuma zikipoteza mshiko, mkia unatoka. Gari linazunguka, na kufumba na kufumbua unatazama ulikotoka. Kulirudisha kunataka mikono ya dereva wa mashindano. Zaidi ya hayo, za mbele unazisikia kupitia usukani. Za nyuma hazitoi taarifa.

Mzee akakaa kimya, akaizunguka gari, akauliza bei ya nne. Sikumshawishi, ingawa pia sikulia.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina sharti jingine: tairi zote ziwe na mzunguko unaolingana. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililoisha, na tofauti hiyo inaisumbua mitambo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Huko nunua nne, au tafuta zenye kashata zinazokaribiana.

Tairi limekula upande mmoja tu. Kosa la tairi?

Mara nyingi siyo. Tairi ni shahidi tu. Likiliwa bega moja, alaimenti imepotea, na gari huwa linavuta upande. Mabega yote mawili yakiisha huku katikati pamebaki, umetembea na upepo pungufu. Katikati pakiisha, umejaza kupita kiasi. Likiwa na mashimo-mashimo, juu chini juu chini, shokapu zimechoka na gurudumu linarukaruka. Halafu pitisha kiganja taratibu juu ya kashata: ukikipeleka huku ni laini, ukikirudisha kunakwaruza kama magamba ya samaki, ujue magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Ukifunga jipya bila kutibu hayo, utarudi kwetu baada ya miezi michache ukisema tulikuuzia bovu.

Fundi fulani anachonga kashata upya kwa bei nafuu. Inafaa?

Kwa gari dogo, kataa. Chini ya mifereji mpira uliobaki ni mwembamba, na kisu kinakaribia nyuzi. Baadhi ya matairi ya malori yana neno REGROOVABLE ubavuni. Hayo yamewekewa mpira wa ziada kwa kazi hiyo.

Tairi la mtumba lenye kashata ndefu si bora kuliko jipya la bei ya chini?

Soma umri kwanza. Ubavuni, mwishoni mwa mfuatano unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiandikwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unakauka hata ukiwa umekaa, na jua letu halisaidii. Kashata ndefu ya mpira mkavu inateleza kama kandambili kuukuu kwenye sakafu yenye maji. Pinda ubavu, utazame nyufa. Watengenezaji wengi wanasema tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama linaonekana zuri, na sisi kwa hali ya hapa tungekwambia usisubiri huko.

Nimefunga mpya, mbona linateleza siku za mwanzo?

Juu ya kashata kuna utando wa dawa iliyotumika kulitoa tairi kwenye kalibu. Na kashata zikiwa na urefu wake wote zinapinda zaidi. Endesha kwa upole kilomita 200 au 300 za mwanzo, utaona gari linatulia.

Nani alianza kuchora matairi?

Aliuliza mtoto aliyekuja na baba yake, na ndilo swali zuri kuliko yote ya mwezi huo. Magari ya mwanzo yalitembelea matairi yasiyo na michoro. Continental ya Ujerumani ilitoa tairi la gari lenye michoro mwaka 1904. Mwaka 1908 Firestone ya Marekani ikachonga kashata zake kwa umbo la herufi: jina la kampuni, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "halitelezi", yamejirudia kuzunguka tairi zima. Kila gari lilipopita liliacha tangazo kwenye vumbi.

Gari linaunguruma nikikimbia. Ni kashata au ni kitu kingine?

Kashata zote zina mlio. Kila moja ikipiga chini inabana hewa kidogo na kuiachia. Watengenezaji huzikata kwa saizi zisizolingana makusudi, ili milio isijikusanye kuwa wimbo mmoja. Kama mngurumo umeanza karibuni, fanya hivi: toka kwenye lami yenye makwaruzo uingie kwenye lami laini. Mlio ukibadilika, ni tairi. Ukibaki vilevile, lakini unaongezeka ukiegemeza gari kushoto au kulia, ni beringi ya gurudumu. Hiyo usiisafirie Singida, ipeleke gereji kwanza.